Dawa ya Dubasi

Nyumbani kwetu Samaili kila chupa ni dawa.
Dawa ya mende chini ya sinki,
dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya kikohozi cha Baba,
na ile nzito, rangi ya chai iliyochacha,
kwenye chupa iliyokuwa ya juisi ya embe:
dawa ya dubasi.

Dubasi ni mdudu mdogo kuliko punje ya mchele.
Akiuvamia mtende humwaga utamu wake chini,
makuti yakanata, gari likanata,
hata kilemba cha Baba kilinata Ijumaa ile.
"Huyu," akasema, "dawa yake ni dawa."

Rofikul alipanda na bomba mgongoni.
Mama humwita Rafiki, ulimi wake haupendi shida;
naye, mtu wa Silheti, Kiarabu kilimshinda
lakini Kiswahili cha jikoni kwetu alikidaka chote
mpaka matusi.
Barakoa ilikuwepo. Nimeiona mimi, imetundikwa msumarini,
ingali ndani ya nailoni yake.
Joto digrii arubaini na moja, nani avae?
Alijifunga kitambaa cha kichwani
akapuliza mitende sabini na mbili,
upepo ukimrudishia nusu.

Jioni nilikichukua kitambaa kile
nikakitia mashineni pamoja na nguo za mwanangu.
Nilidhani ni jasho.

Baada ya Magharibi alikaa ukingoni mwa falaji
akasema, "Dada, taa imezimika?"
Taa haikuzimika.
Mboni zake zilikuwa zimesinyaa, punje za ufuta,
machozi yanamtoka bila kilio,
mate yanamtoka bila njaa,
na chini ya ngozi ya shavu kitu kinarukaruka
kama mdudu aliyenaswa shukani.

Hospitali, daktari Msudani akauliza: amekula nini?
Nikasema, dawa.
Dawa gani? Nani kamwandikia? Vidonge vingapi?
Siyo hivyo, nikasema, dawa ya kupuliza,
na huku mtu anaishiwa pumzi kwa neno langu.
Bi Thuraiya, muuguzi, mzaliwa wa Wete,
alinigeukia kwa Kiswahili kama anayenipiga kofi:
"Sema sumu, mwanangu. Hapa sema sumu."

Walimvua, wakamwosha kwa sabuni kama maiti,
wakamdunga atropini, na tena, na tena,
wakingoja mdomo wake ukauke.
Sikujua kwamba mtu huombewa ukavu.
Bi Thuraiya alinieleza huku akihesabu mapigo:
mwilini mna kitu kinachoiambia misuli, basi, pumzika.
Malathioni hukiziba kinywa,
na misuli haina tena wa kuiambia basi.
Dubasi naye hufa hivyo hivyo, alisema.
Tofauti ni ukubwa.

Dawa ya moto ni moto, husema watu.
Siku tisa nilikaa na methali hiyo
kwenye benchi la plastiki.

Alirudi. Mchana hulala, jina la bintiye mdogo humpotea,
na kahawa akiimimina husikika kikombe kabla hujamwona.
Baba hakusema kitu. Alimwongezea riali kumi
akaenda kutazama makuti: makavu, hayanati.
Mwanangu ana upele shingoni.
Huenda ni joto.

Jana nilichukua kalamu nyekundu nikaiandika chupa
SUMU, na Kiarabu chini yake,
kisha nikampa Rofikul aandike kwa lugha yake
kwa ajili ya yule atakayekuja baada yake.
Alichukua muda. Herufi zilining'inia kwenye mstari mmoja
kama nguo kambani, zote zikitetema.
Umeandika nini? nikauliza.
"Oshudh," akasema.
"Dawa, dada. Kwetu pia twaiita dawa."